Nakala moja, miji miwili: sinema za familia Moshi na Arusha zilivyoendeshwa

Ukitaka kuielewa historia ya sinema za kaskazini, acha kwanza majengo. Majengo ndiyo yanayopigwa picha na ndiyo yaliyoacha majina, Plaza pale Moshi, Metropole pale Arusha, lakini jumba lisilo na mkanda wa kuonyesha usiku wa leo ni ghala tu lenye viti. Kitu kilichofanya iwe na maana kwa familia moja kushika miji miwili au mitatu kilikuwa nakala ya filamu. Nakala zilizoingia Afrika Mashariki zilikuwa chache, kila mwenye jumba alingoja zamu yake, na mwenye majumba mengi ndiye aliyesikilizwa kwanza na msambazaji.

Mfano wa mwanzo ni wa pwani. Hassanali Jariwalla alifungua Royal mjini Unguja mwaka 1921, jengo lililochorwa na J. H. Sinclair, na hakukomea kisiwani. Biashara yake ilivuka hadi bara. Royal ndiyo iliyokuja kuitwa Majestic. Iliungua miaka ya 1950, na Majestic mpya ikafunguliwa 1955. Njia aliyoifuata ndiyo waliyoipita wengi waliokuja nyuma: pata nakala bandarini, ionyeshe kwako, kisha isukume kwenye mji unaofuata ambako nako una mlango wako mwenyewe. Kaskazini, barabara ya kwanza ya kusukumia ilikuwa reli. Reli ya Tanga ilifunguliwa hadi Moshi mwaka 1912, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaunganishwa na Voi na hivyo na Mombasa, na mwaka 1929 ikafika Arusha. Makopo ya filamu yalikwenda kama mzigo mwingine wowote.

Tupige hesabu ya mzigo huo. Mkanda wa milimita 35 una fremu 16, yaani picha moja moja 16, kwa kila futi na unapita fremu 24 kwa sekunde, yaani futi 90 kwa dakika. Filamu ya Kihindi ya saa tatu inataka futi 16,200. Rili ya kawaida hubeba futi 2,000, ambazo ni dakika 22 ikijaa, na mara nyingi hukatwa mapema kidogo ili mwisho wa rili uangukie mahali pazuri. Hiyo ni rili tisa au kumi, kila moja kilo tano hivi ikiwa ndani ya bati lake. Karibu kilo 50 kwa hadithi moja.

Nakala ilikodiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kugawana mapato ya mlango kwa asilimia. Ya pili ni bei ya jumla kwa siku kadhaa, uuze tiketi usiuze. Hii ya pili ndiyo iliyozaa minyororo ya majumba. Chukua mfano wa siku 14. Mwenye jumba moja Moshi anajaza ukumbi siku nne, labda tano, kisha kila aliyetaka kuiona ameiona. Siku tisa zilizobaki anayalipia mabati yaliyokaa kabatini. Mwenye jumba Moshi na jingine Arusha, kilomita 80 tu, anaendelea na siku nne zaidi bila kupoteza hata moja, kwa sababu mkanda uliomalizika usiku unafika kabla ya saa sita mchana. Akiwa na rafiki au shemeji Tanga, kilomita kama 350, anapoteza siku moja njiani na bado anajaza siku zilizobaki. Kodi ni ile ile, milango ni mitatu.

Unguja walikwenda mbali zaidi. Majumba yaliyokaribiana yaligawana nakala moja usiku huo huo, vijana wakipeleka rili kwa baiskeli, moja baada ya nyingine, kadiri zilivyokuwa zikimalizika. Je, Moshi na Arusha wangeweza? Moshi ianze saa 12 jioni. Nusu ya kwanza inaisha saa 1:30, gari linachukua saa moja na nusu, Arusha wanaanza saa 3:15. Moshi wakishapumzika dakika 15, nusu ya pili inaanza 1:45 na kwisha 3:15, gari la pili linaingia Arusha saa 4:45, dakika ile ile nusu ya kwanza inapoishia huko. Mapumziko ya dakika 15 ndiyo akiba yote uliyonayo ya pancha, ng'ombe, mvua na kurudisha nyuma rili ya mwisho ambayo imetoka kwenye mashine mkia ukiwa juu. Kwenye karatasi inawezekana. Mtu mwenye akili hawezi kuuza tiketi juu ya ratiba kama hiyo, kwa hiyo kwa miji hii miwili utaratibu wa busara ni kugawana siku, si saa.

Sasa mlango, ambako ndiko neno familia linapoonyesha kazi yake. Tiketi zilikuwa za namba mfululizo, rangi tofauti kwa kila daraja la kiti. Kabla dirisha halijafunguliwa unaandika namba ya kwanza ya kila rangi; likifungwa unaandika namba inayofuata; tofauti ukiizidisha kwa bei ndiyo fedha inayopaswa kuwa kwenye droo. Wizi hauko hapo. Uko kati ya dirisha na mlango: mkata tiketi anaipokea, haichani, inarudi dirishani na kuuzwa mara ya pili. Hesabu ya namba inatoka sawasawa kabisa, ukumbi una watu 40 zaidi. Dawa yake ni kuchana kila tiketi, nusu moja kutumbukizwa kwenye sanduku lenye kufuli, na mtu wa tatu kuhesabu vichwa wakati wa mapumziko. Au unamweka mwanao dirishani na mpwa wako mlangoni. Wengi wanaisifu hali hiyo kama uaminifu wa kifamilia. Uaminifu ulikuwapo, lakini tusisahau kwamba mtoto wa mwenye jumba ni mfanyakazi asiyedai mshahara, na hapo ndipo faida nyingi ilipojificha.

Ulanguzi wa nje ulikuwa kitu kingine. Filamu ikivuma, vijana walinunua tiketi mapema na kuziuza kwa bei juu kwa waliochelewa. Mwenye jumba hakupoteza senti hapo. Aliyepoteza ni mtazamaji, labda na jina la jumba. Kubwa kuliko ulanguzi lilikuwa sharti la serikali. Wakati wa Mwingereza wakaguzi waliweza kuipitisha filamu kwa Wazungu na Wahindi na kuizuia kwa Waafrika, na hapo jumba lilinyimwa wateja kwa amri huku kodi ya nakala ikibaki pale pale.

Chumba cha mashine kinastahili nafasi zaidi, kwa sababu ndiko fedha zilikoungua, wakati mwingine kwa maana halisi.

Projekta huwa mbili. Moja inaonyesha, nyingine inangoja na rili inayofuata. Kwenye kona ya juu kulia ya picha kuna alama ndogo ya duara inayodumu fremu nne: ya kwanza inatokea sekunde nane hivi kabla ya mwisho, opereta anawasha mota ya mashine ya pili, ya pili inatokea sekunde moja kabla, anabadilisha picha na sauti kwa pamoja. Nakala ikishapita miji mingi, mwisho wa rili ndio unaoumia kwanza. Unakatika, unaungwa, unakatika tena, na alama zinakwenda na vipande vilivyotupwa. Ndipo opereta wa kila mji anapokwaruza alama zake mwenyewe kwa msumari, hadi rili moja inakuwa na alama nne na mgeni hajui afuate ipi. Ukiona kwenye nakala chakavu wimbo unaruka ghafla katikati ya ubeti, usimlaumu mkaguzi moja kwa moja. Huenda ni mpaka wa rili mbili.

Mwanga ulitoka kwenye fimbo mbili za kaboni zinazokaribiana bila kugusana, umeme wa ampea 40 hadi 70 ukiruka katikati. Umeme huo lazima uwe wa mkondo mmoja, kwa hiyo kati ya waya wa TANESCO na projekta palikuwa na rektifaya ya kuugeuza. Fimbo chanya, nene kidogo na iliyopakwa shaba, inaliwa haraka kuliko hasi. Ya inchi 14 ilitosha rili mbili kwa usalama. Ya tatu ni kubahatisha. Nafasi ikipanuka mwanga unafifia na hatimaye unazimika. Ikibana sana mwako unaanza kulia kwa mlio mkali na picha inatetemeka. Ncha ikitoka mahali pake mbele ya kioo, skrini inageuka kahawia au buluu. Matone ya shaba yanayoruka yanakitoboa kioo cha nyuma vidoa vidogo vidogo, na kioo chenye vidoa hakisafishiki, kinabadilishwa. Moshi na vumbi lake vinahitaji bomba la kutokea nje ya paa. Kaboni zote ziliagizwa nje, jambo la kulikumbuka tutakapofika miaka ya 1970.

Mkanda hauteremki mfululizo mbele ya mwanga. Gia ya msalaba wa Malta inauvuta fremu moja, inausimamisha, inauvuta tena, mara 24 kwa sekunde, na pazia lenye mapanga mawili linakata mwanga mara mbili kwa kila fremu ili jicho lipate mimuliko 48 na lisione kupepesa. Juu na chini ya geti, yaani tundu ambako fremu inasimama mbele ya mwanga, unaacha kitanzi cha mkanda uliolegea ili kumeza mshtuko huo. Kitanzi kikipotea, utasikia mlio wa kugongagonga kabla hujaona chochote, na kama hukusimamisha mashine mara moja meno yanararua matundu ya pembeni futi kwa futi.

Kitanzi cha chini ndicho pia kinachoamua kama midomo itafuata maneno. Sauti ya fremu imechapwa fremu 20 mbele yake, kwa kuwa kichwa cha sauti, kinachoisoma, kiko chini ya geti, mahali ambapo mkanda umeshatulia. Ukizidisha kitanzi kwa fremu moja, sauti inachelewa sehemu moja ya 24 ya sekunde, muda ambao sauti yenyewe inautumia kusafiri mita 14 hivi hewani. Kwa maana hiyo aliyekaa mita 28 kutoka kwenye skrini tayari anasikia fremu mbili nyuma na halalamiki. Kuanzia fremu nne au tano watu wanaanza kugeuka kuangalia tundu la projekta.

Ajali ya kweli ni mkanda kusimama wakati mwanga umewaka. Opereta hodari mkono wake hauko mbali na kifuniko cha mwanga. Kwenye mkanda wa asetati, plastiki isiyowaka kirahisi, fremu inavimba povu na kutoboka, unapoteza fremu chache na watu wanapiga mbinja. Kwenye mkanda wa zamani wa nitrati inawaka, na moto wa nitrati hauzimwi kwa kuunyima hewa kwa sababu unatengeneza oksijeni yake wenyewe. Unaungua hata chini ya maji. Ndiyo maana matundu ya chumba cha mashine yalikuwa na vifuniko vya chuma vinavyoanguka vyenyewe kiungo cha madini laini kikiyeyuka. Viwanda viliacha nitrati mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini nakala za zamani hazikupotea siku ile ile.

Kuunga mkanda wa asetati: kata kwenye mstari kati ya fremu na fremu, kwangua tabaka la picha upande mmoja upana wa milimita mbili au tatu hadi plastiki itoke wazi, paka gundi ya filamu, kandamiza sekunde 15. Gundi hiyo haigandishi tu, inayeyusha plastiki na kuifanya kipande kimoja. Ukikwangua kidogo, kiungo kinabanduka getini. Ukikwangua sana, kinakatika pembeni yake. Ukikosea mstari wa fremu, picha nzima inapanda juu ya skrini, miguu juu kichwa chini ya mstari, hadi opereta airekebishe kwa kitasa. Na kila kuunga kunakula fremu mbili au zaidi.

Kwa hiyo biashara hii ilikaa juu ya mafiga matatu: jengo la kwako, nakala unayoweza kuijadili bei, na vipuri vinavyofika kwa wakati. Yaling'olewa moja moja ndani ya miaka kumi.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka uliofuata iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyokuja kushika uingizaji na usambazaji wa filamu, na hapo nguvu ya mwenye majumba mengi mezani kwa msambazaji ikaisha. Hupatani bei na msambazaji aliye peke yake nchini. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba. Ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Tazama maana yake kwa sinema: jumba lililojengwa miaka ya 1940 au 1950 lilikuwa limeshapita umri huo. Majengo yaliyotwaliwa yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na aliyetaka kuendelea na biashara yake alianza kulipa pango ndani ya kuta alizojenga. Ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Mimi sioni kwamba jengo ndilo lililoua. Mpangaji anaweza kuendesha sinema vizuri. Ila mpangaji habadilishi paa, haweki skrini pana, hanunui rektifaya mpya kwa matumaini ya miaka 15 ijayo. Kuanzia hapo kumbi zilitumiwa tu, hazikutunzwa.

Figa la tatu ni la kijiografia, na watu wa Dar es Salaam hulisahau. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kilomita 270 hivi kupitia Namanga. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 600. Holili iko karibu na Moshi kiasi cha kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kwa miji hii, duka la karibu la kaboni, taa za kichwa cha sauti, mikanda ya mota na gundi lilikuwa upande wa Kenya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka ukafungwa na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati yake ikaja vita ya Kagera na ukame wa fedha za kigeni. Vipande vifupi vya kaboni ambavyo zamani vilitupwa sasa viliungwa kwa vishikizo ili viunguzwe hadi mwisho, na mwanga wake ulikuwa wa kubahatisha. Nakala ile ile ikirudi mara ya nne haijazi ukumbi.

Kawaida lawama anatupiwa video. Kanda za video zilikuwa tatizo kweli, zilipoanza kuenea miaka ya 1980, na vibanda vya kuonyesha video vilimaliza kazi. Lakini televisheni haiwezi kushtakiwa: Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Mtu aliyekuwa na hamu ya picha inayotembea, kwa miaka 20 baada ya majumba kutwaliwa, hakuwa na pa kwenda kwingi. Kukosa wateja si maelezo ya kutosha.

Leo Arusha ina Century Cinemax pale AIM Mall, na huo nao ni mnyororo, wa aina nyingine. Nakala si adimu tena. Inakuja kwenye diski ya gigabaiti mia na zaidi na inaweza kunakiliwa usiku mmoja. Kilicho adimu ni ufunguo wa kidijitali uliofungwa kwa seva moja na kwa tarehe maalumu. Badilisha seva, ufunguo wa jana haufunguki. Kosa linalorudiwa ni la saa: muda huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, na asiyeangalia anaahidi onyesho la usiku wa manane kwa ufunguo utakaofunguka saa tisa alfajiri.

Kwa anayefuatilia majengo ya zamani, yanasomeka hata yakiwa duka au kanisa. Tafuta sakafu inayoteremka kuelekea ukuta mmoja. Kwenye ukuta ulio mkabala, juu, hesabu matundu: kila projekta ilihitaji mawili, la mwanga na la jicho, kwa hiyo manne ni mashine mbili. Angalia paa juu yake kama kuna bomba la kaboni. Kama fremu ya jukwaa imepanuliwa kwa kubomolewa pembeni, hiyo ni kazi ya baada ya 1953, skrini pana ilipoingia. Kama haikupanuliwa, walionyesha picha pana kwa kupunguza kimo chake.

Ukikuta mkanda ndani ya bati, usikimbilie kutafuta projekta. Soma ukingoni. Neno NITRATE likitokea, liondoe bati kutoka mahali penye joto na watu, usiliwashie taa ya karibu, na waite zimamoto. Likitokea SAFETY lakini unanuka siki, asetati imeanza kuoza. Utenge na mikanda mingine kwa sababu asidi hiyo inaambukiza, na uuweke pakavu penye ubaridi kwenye bati linalopitisha hewa. Kisha pima kunywea: laza fremu 100 za mkanda huo sambamba na mkanda mzima. Ukipungua kwa fremu moja, yaani matundu manne, umenywea asilimia 1, na meno ya projekta yoyote ya kawaida yatauchana. Wa namna hiyo unapelekwa kwenye mashine ya kuskani isiyotumia meno.